Al Smith, Padre Coughlin na Kura ya Mkristo



Kila uchaguzi unapokaribia, hakosekani mwamini mmoja au wawili wanaonisubiri nje ya sakristia baada ya Misa na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, huyu mgombea si mwenzetu?" Maana yao ni kwamba, kwa kuwa amebatizwa Mkatoliki, swali la nani apigiwe kura limekwisha kujibiwa. Wengine huja na swali lililo kinyume chake: "Baba, huyu wa dini ile nyingine tutamwaminije?" Juma hili napenda kuyajibu maswali hayo mawili kwa kuwapeleka mbali kidogo, katika nchi ya Marekani, katika miaka iliyo kati ya Vita Kuu mbili za Dunia.

Nimeichagua Marekani ya wakati ule kwa sababu Wakatoliki wa huko walikuwa wachache waliotazamwa kwa mashaka, na maswali yetu hayo mawili yaliulizwa hadharani, magazetini, redioni na mimbarini. Nitawasimulieni habari za watu wawili. Wa kwanza ni mlei aliyegombea urais mwaka 1928 akashindwa. Wa pili ni padre aliyejaribu kumwingiza mtu wake Ikulu mwaka 1936 akashindwa vibaya zaidi. Nimesoma habari zao kwa muda mrefu, na nakiri mapema kwamba yule padre ndiye anayeninyima usingizi.

Kijana wa soko la samaki

Alfred Emanuel Smith, ambaye watu wote walimwita Al Smith, alizaliwa tarehe 30 Desemba 1873 katika mitaa ya wahamiaji maskini jijini New York. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, ikamlazimu kuacha shule ya parokia na kutafuta riziki. Alifanya kazi katika soko la samaki la Fulton, na hata alipokuwa mtu mkubwa alipenda kutania kwamba shahada pekee aliyonayo ni ile ya soko la samaki.

Alilelewa kisiasa na Tammany Hall, kikundi cha chama cha Democratic kilichotawala siasa za jiji lile. Kikundi hicho kiliwatafutia wahamiaji kazi na mkaa wa kujipasha moto wakati wa baridi, lakini pia kilijulikana kwa rushwa. Smith aliingia katika Bunge la jimbo la New York mwaka 1904. Huko kijana huyu asiye na elimu ya juu alikuwa akikesha akisoma miswada ya sheria, mpaka akawa miongoni mwa waliofahamu shughuli za serikali ya jimbo kuliko wote.

Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York kiliungua. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na wa Kiitaliano, kwa kuwa mlango muhimu wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo na ngazi za zimamoto hazikufika ghorofa walizokuwamo. Bunge la jimbo liliunda tume ya uchunguzi, mwenyekiti akiwa Robert F. Wagner na makamu wake Al Smith. Tume hiyo ilizaa sheria nyingi za usalama viwandani na za kupunguza saa za kazi kwa wanawake na watoto. Smith akachaguliwa kuwa gavana wa New York mwaka 1918, akashindwa mwaka 1920, kisha akachaguliwa tena mara tatu mfululizo, mwaka 1922, 1924 na 1926.

Nayataja hayo kwa makusudi. Kama mtu angetaka kumpima Al Smith kwa haki, hayo ndiyo yaliyostahili kuwekwa kwenye mizani.

Kura mia moja na tatu

Katika miaka ya 1920 chama cha Republican ndicho kilichoshika Ikulu. Warren Harding alishinda mwaka 1920 kwa takriban asilimia 60 ya kura, akafariki akiwa madarakani mwezi Agosti 1923, na makamu wake Calvin Coolidge akashika nafasi yake. Chama cha Democratic kilikuwa nyumba iliyogawanyika. Upande mmoja walikuwa wazungu Waprotestanti wa kusini na wa vijijini, walioipenda sheria ya kupiga marufuku pombe iliyoanza kutumika Januari 1920. Upande wa pili walikuwa wahamiaji wa miji ya kaskazini, Waairishi, Waitaliano, Wapolandi na Wayahudi, ambao waliiona sheria ile kama fimbo ya kuwachapia wao.

Pande hizo mbili zilikutana New York katika mkutano mkuu wa chama ulioanza tarehe 24 Juni 1924. Wakati ule Ku Klux Klan ilikuwa na wafuasi kwa mamilioni, nayo iliwachukia Wakatoliki na Wayahudi pamoja na watu weusi. Ikatolewa hoja kwamba chama kiilaani Klan kwa jina lake. Hoja hiyo ilishindwa kwa takriban kura moja, katika mkutano wenye wajumbe zaidi ya elfu moja. Chama kizima kilishindwa kulitamka jina la wale waliokuwa wakichoma misalaba usiku mbele ya nyumba za watu.

Baada ya hapo wajumbe walianza kumtafuta mgombea. Sheria ya chama ilidai theluthi mbili za kura. Al Smith alisimama upande wa miji. William McAdoo, aliyekuwa Waziri wa Fedha na mkwe wa Rais Wilson, aliungwa mkono na upande wa kusini na magharibi, naye hakutaka kuikana Klan. Walipiga kura mara 103. Siku ziliingia wiki, joto likawa kali, na watu walisikiliza kwa redio jinsi chama kilivyojirarua. Tarehe 9 Julai walimchagua mtu wa tatu, mwanasheria John W. Davis. Mwezi Novemba Davis alipata asilimia 29 hivi ya kura dhidi ya 54 za Coolidge, huku Robert La Follette aliyejitenga akichukua karibu 17.

Swali la Bwana Marshall

Mwaka 1927 ilikuwa wazi kwamba Smith angegombea tena. Katika toleo la Aprili la jarida la Atlantic Monthly, mwanasheria wa New York aitwaye Charles C. Marshall, Mkristo wa Kanisa la Episkopali, alimwandikia barua ya wazi. Haikuwa barua ya matusi. Kwa heshima kubwa, na kwa kunukuu nyaraka za Mapapa, alimwuliza: Kanisa lako linafundisha kwamba dini zote hazina haki sawa mbele ya dola, Katiba yetu inasema zinayo. Mambo hayo mawili yakigongana, wewe ukiwa Rais utatii lipi?

Inasimuliwa kwamba Smith alipoonyeshwa barua ile aliuliza kwa mshangao, na kwa lugha isiyofaa kuandikwa hapa, huo waraka wa Papa unaotajwa ni kitu gani hasa. Alikuwa akisali Misa kila Dominika tangu utoto wake, na hakuna aliyewahi kumsomea waraka wowote. Jibu lake lilitoka mwezi Mei katika jarida lilelile. Alisaidiwa kuliandaa na Jaji Joseph Proskauer, Myahudi, na Padre Francis Duffy, aliyekuwa maarufu kama padre wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Smith alieleza kwamba katika miaka yote ya utumishi wake hajawahi kuona imani yake ikigongana na kiapo chake. Kwamba anaamini uhuru wa dhamiri kwa watu wote, usawa wa madhehebu yote mbele ya sheria, na kutenganishwa kabisa kwa Kanisa na dola.

Wapendwa, hapa napenda kusema neno ambalo huenda baadhi yenu halitawapendeza. Swali la Bwana Marshall lilikuwa halali. Hakulitunga kwa chuki. Alikuwa amesoma mafundisho ya Papa Pius IX na Papa Leo XIII, na mafundisho hayo, kama yalivyoelezwa vyuoni wakati ule, yalisema kweli kwamba dola inapaswa kuitambua dini ya kweli, na kwamba madhehebu mengine yanaweza tu kuvumiliwa. Anayeomba mamlaka juu ya watu wote ana wajibu wa kujibu atayatumiaje juu ya wale wasiosali naye. Nasi tungemwuliza vivyo hivyo mgombea wa dini nyingine ambayo maandishi yake yangesema hivyo juu yetu. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Jibu la Smith lilikuwa la kweli kuhusu yeye mwenyewe, lakini Kanisa lenyewe lilikuwa bado halijalisema kwa kinywa chake. Ilibidi kusubiri mpaka tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa tamko juu ya uhuru wa dini, na miongoni mwa waliolitayarisha alikuwamo Mjesuiti wa Marekani, John Courtney Murray. Miaka karibu 40 kabla ya hapo, mlei aliyetoka soko la samaki alikuwa amekwisha kuishi yale ambayo wanateolojia walikuwa bado wakibishania. Ninapolifikiria hilo naona fahari kidogo na aibu kidogo.

Uchaguzi wa 1928

Mwezi Juni 1928, katika mji wa Houston, chama cha Democratic kilimteua Al Smith, Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais wa Marekani. Mgombea mwenza wake alikuwa Seneta Joseph Robinson wa Arkansas, Mprotestanti wa kusini mwenye kuunga mkono marufuku ya pombe. Chama cha Republican kilimsimamisha Herbert Hoover, yatima wa Iowa aliyelelewa katika dhehebu la Quaker, mhandisi aliyepata sifa duniani kwa kuwalisha Wabelgiji wakati wa vita.

Yaliyofuata ni somo juu ya kazi ya uvumi. Watu waliambiwa kwamba handaki la magari la Holland, lililofunguliwa New York mwaka 1927, lingerefushwa chini ya bahari hadi Vatikano ili Papa apate njia ya kuingilia. Vipeperushi vilidai kwamba ndoa za Waprotestanti zitabatilishwa. Askofu Mmethodisti James Cannon alizunguka kusini akihimiza watu wakikimbie chama chao safari hii. Ofisa wa juu wa Wizara ya Sheria, Mabel Walker Willebrandt, aliwahutubia wachungaji Wamethodisti huko Ohio akiwataka wawahimize waumini wao wamchague Hoover. Hoja yake ilikuwa pombe, lakini kwa wasikilizaji wengi pombe na Roma vilikuwa vimekwisha kuwa kitu kimoja. Hoover mwenyewe alitamka hadharani kwamba anapinga ubaguzi wa dini. Ni wazi kwamba wafuasi wake wengi hawakumsikiliza.

Treni ya Smith ilipokuwa ikikaribia Oklahoma mwezi Septemba, misalaba ilikuwa ikiwaka moto kandokando ya reli. Tarehe 20 alisimama Oklahoma City, mbele ya umati ambao wengi wao hawakumpenda, akaizungumzia chuki ya kidini waziwazi. Alisema pia jambo ambalo ningependa kila Mkatoliki alijue: kwamba hataki Mkatoliki yeyote ampigie kura kwa sababu tu yeye ni Mkatoliki. Ikiwa mtu anaamini kwamba mgombea mwingine ataifaa nchi zaidi, basi ampigie huyo. Alihitaji kila kura siku ile, na bado aliikataa ya namna hiyo.

Alishindwa vibaya. Hoover alipata zaidi ya asilimia 58 ya kura na wajumbe 444 wa majimbo; Smith alipata asilimia 41 hivi na wajumbe 87. Hata New York, jimbo lililomfanya gavana mara nne, lilimwacha. Virginia, North Carolina, Tennessee, Florida na Texas, majimbo ya kusini yaliyozoea kukipa kura chama cha Democratic, yalimchagua Hoover.

Tusidanganyane, lakini: udini peke yake haukumshinda. Uchumi ulionekana kustawi, na watu hawapendi kubadilisha serikali tumbo likiwa limeshiba. Alipinga marufuku ya pombe, alikuwa mtu wa Tammany, na lafudhi yake ya mitaani ilisikika ngeni redioni. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba mwaka ule hakuna Mdemokrati ambaye angeshinda.

Kuna jambo lingine ambalo sisi Wakatoliki hupenda kulisahau tunaposimulia habari hii. Mbali na Massachusetts na Rhode Island, Smith alishinda Alabama, Arkansas, Georgia, Louisiana, Mississippi na South Carolina. Hayo ni majimbo ambayo watu weusi walizuiwa kupiga kura kwa hila na kwa vitisho. Wazungu wengi wa huko walimbakia Smith kwa sababu chama chake ndicho kilichokuwa boma la utawala wao, na Smith na chama chake katika kampeni ile hawakuligusa boma hilo. Mgombea wetu aliyebaguliwa kwa dini yake alibebwa katika majimbo hayo na kura za watu waliobagua wengine kwa rangi yao. Kudhulumiwa hakumfanyi mtu kuwa na macho ya kuiona dhuluma ya mwenzake. Macho hayo tunapaswa kuyaomba.

Uchungu wa aliyeshindwa

Mwezi Oktoba 1929 soko la hisa la New York liliporomoka, na kufikia mwaka 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne alikuwa hana kazi. Smith aliamini kwamba zamu yake imefika. Lakini mwaka 1932, katika mkutano mkuu wa Chicago, chama kilimteua Franklin Roosevelt, mtu ambaye Smith mwenyewe alimshawishi agombee ugavana wa New York mwaka 1928, na ambaye alishinda kwa kura chache mwaka uleule Smith alioangushwa. Roosevelt alimshinda Hoover katika majimbo 42 kati ya 48. Katika kampeni hiyo, akihutubia Detroit, alinukuu waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931 juu ya haki katika uchumi. Mkatoliki alikuwa ameuliza waraka ni kitu gani; miaka mitano baadaye mgombea wa Kanisa la Episkopali aliusoma jukwaani.

Smith hakupewa kazi katika serikali mpya. Alikuwa rais wa kampuni ya Empire State, jumba refu lililofunguliwa mwaka 1931, na marafiki zake sasa walikuwa matajiri. Mwaka 1934 alijiunga na American Liberty League, umoja ulioongozwa na wenye viwanda waliopinga mipango ya Roosevelt. Tarehe 25 Januari 1936, katika hoteli moja kubwa jijini Washington, aliishambulia serikali ile kwa maneno makali, na mwaka uleule alimuunga mkono mgombea wa Republican, Alf Landon, aliyeshinda majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Baadhi ya mageuzi aliyoyapinga yalisimamiwa na Frances Perkins, Waziri wa Kazi, ambaye alikuwa ameshirikiana naye katika ile tume ya viwanda baada ya moto wa 1911.

Smith alisema anatetea Katiba, nami siwezi kuingia moyoni mwake. Ila wengi waliomfahamu waliona uchungu. Vijana wetu wanaoingia katika siasa, waiombee mioyo yao mapema. Kushindwa ni sehemu ya kazi hiyo, na asiyejiandaa kushindwa huweza kuyapoteza hata yale mema aliyoyapigania.

Padre mwenye kipaza sauti

Sasa nije kwa padre. Charles Coughlin alizaliwa Hamilton, Kanada, mwaka 1891, akawa paroko wa kanisa la Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu huko Royal Oak, Michigan, karibu na Detroit. Mwaka 1926 alianza kuhubiri redioni. Alikuwa na sauti ya kupendeza ajabu. Shida za uchumi zilipoanza, alihama kutoka katekisimu kwenda mabenki na mishahara. Shirika kubwa la redio lilipoacha kumrusha mwaka 1931, alijiundia mtandao wake mwenyewe. Wasikilizaji wake walihesabiwa kwa mamilioni, barua na sadaka zikamiminika kwa magunia.

Mwanzoni mengi aliyoyasema yalikuwa ya haki. Watu walikuwa na njaa, naye aliwatetea kwa maneno ya Leo XIII na Pius XI. Mwaka 1932 alimpigia debe Roosevelt, akiwaambia watu kwamba uchaguzi ni kati ya Roosevelt na maangamizi. Alitazamia kusikilizwa Ikulu. Alipoona hasikilizwi kama alivyotaka, upendo uligeuka. Novemba 1934 aliunda umoja wake wa kudai haki ya jamii. Mwaka 1936 alishiriki kuanzisha chama cha Union, kikamsimamisha mbunge wa North Dakota, William Lemke, agombee urais. Mwezi Julai mwaka huo, mbele ya maelfu ya watu mjini Cleveland, padre huyu alivua koti na kola yake ya kipadre, akamwita Rais wa nchi mwongo na msaliti. Baadaye alilazimika kuomba radhi.

Aliahidi kwamba Lemke asipopata kura milioni 9, yeye ataondoka redioni. Lemke hakufikisha hata kura 900,000, huku Roosevelt akipata zaidi ya milioni 27. Wakatoliki walio wengi, waliompenda padre wao redioni, walipofika kwenye sanduku la kura walimwacha. Coughlin alinyamaza kwa muda mfupi tu, na Januari 1937 alikuwa amekwisha kurudi. Safari hii alikuwa na mtu mwingine wa kumlaumu. Mwaka 1938 gazeti lake lilichapisha maandishi ya uongo yanayodai kuwapo kwa njama ya Wayahudi ya kuitawala dunia. Mwezi Novemba mwaka huo, siku chache baada ya masinagogi kuchomwa huko Ujerumani, alisimama redioni akaeleza mateso ya Wayahudi kana kwamba wameyataka wenyewe. Mwaka 1942 serikali ililizuia gazeti hilo kusafirishwa kwa posta, na Askofu Mkuu Edward Mooney akamwamuru aache siasa. Alitii. Alibaki paroko palepale mpaka mwaka 1966, akafariki mwaka 1979. Wahenga wetu walisema: ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Mtaniuliza: hakukuwa na padre wa kumjibu? Alikuwapo. Monsinyori John A. Ryan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Washington, aliyetetea ujira wa haki kwa miaka mingi, alizungumza redioni Oktoba 1936 akimtetea Roosevelt na kuonyesha makosa ya Coughlin. Katika mambo yenyewe naona Ryan alikuwa na haki. Hata hivyo hotuba yake nayo ilikuwa sehemu ya kampeni ya chama. Mwamini wa kawaida aliwasikia mapadre wawili, kila mmoja na waraka wa Papa mkononi, wakimpeleka kwa wagombea wawili tofauti.

Majibu yangu

Nilisema padre huyu ananinyima usingizi. Sababu ni hii. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa kabla ya hii, nilihubiri Dominika moja kabla ya uchaguzi. Sikutaja jina la mtu wala la chama. Lakini nililipanga neno langu hivi kwamba kila aliyekuwa kanisani alijua nani namtaka, nami nilijua kwamba wanajua. Baada ya Misa wengi walinipa mkono kwa furaha, nikaondoka nimejaa sifa. Mzee mmoja, mwanakwaya wa miaka mingi, hakuja tena. Nilipomtembelea aliniambia kwa upole: "Baba, nilikuja kusikiliza Injili, nikakuta mkutano wa hadhara, na mimi si wa chama kile." Tangu siku hiyo, ninaposoma juu ya kola iliyovuliwa kule Cleveland, naikumbuka yangu, ambayo sikuivua shingoni lakini niliivua moyoni.

Sheria ya Kanisa inatukataza sisi wakleri kushiriki kwa vitendo katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka halali ya Kanisa ikiona kwamba ulinzi wa haki za Kanisa au manufaa ya wote yanadai hivyo (Kanuni ya 287). Wengine hudhani sheria hiyo inatuziba midomo. Mimi naona inalinda kiti cha yule mzee. Padre aseme juu ya njaa, rushwa, ujira wa haki, uhai wa mtoto tumboni na heshima ya mgeni, na aseme kwa sauti. Kuhama kutoka hapo hadi kwenye jina katika karatasi ya kura ni kazi ya dhamiri ya mwamini, na si halali yangu kuifanya kwa niaba yake.

Kwa wale wanaoniuliza kama mgombea fulani si mwenzetu, nawajibu kwa maneno aliyoyakubali Al Smith mwenyewe: msimpigie kura kwa sababu hiyo. Ulizeni alifanya nini kiwanda kilipoungua. Kwa wale wanaouliza tutamwaminije wa dini nyingine, nawajibu: mwulizeni swali la Bwana Marshall, mwulizeni kwa heshima kama yeye, kisha lisikilizeni jibu na kuyatazama matendo yake, bila kuvisikiliza vipeperushi vya handaki. Na kabla ya kumwuliza, jiulizeni kama nanyi mko tayari kuulizwa. Mtume Yakobo anatuonya juu ya kupendelea watu kwa sura ya nje (Yak 2:1-9), na upendeleo wa dini ni sura ya nje kama ulivyo upendeleo wa mavazi.

Mwaka 1960 John Kennedy alikwenda Houston, mji uleule Smith alioteuliwa, akajibu mbele ya wachungaji Waprotestanti swali lilelile, na mwezi Novemba akachaguliwa kuwa Rais wa kwanza Mkatoliki. Al Smith hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alifariki tarehe 4 Oktoba 1944. Jina lake linakumbukwa New York kwa chakula cha jioni cha hisani kinachoandaliwa kila mwaka mwezi Oktoba chini ya Askofu Mkuu, ambapo mara nyingi, mwaka wa uchaguzi, wagombea wa vyama vyote viwili wameketi meza moja wakataniana. Fedha zinazopatikana huwaendea watoto wahitaji.

Yule mzee wa kwaya alirudi kanisani, baada ya mimi kumwomba radhi. Mpaka leo sijui alimpigia nani kura, wala sijamwuliza.

Tuwaombee wote wanaoomba kututawala, wale tunaosali nao na wale tusiosali nao. Nawatakieni Dominika njema.